Mila potovu haziishii kwenye vitabu teule

Kama ulisoma shule ya upili Kenya hii, swali hili umelijibu zaidi ya mara moja: jadili jinsi mila potovu zinavyojitokeza katika diwani ya hadithi fupi. Alama 20. Na dawa yake uliijua. Hoja, mfano, jina la mhusika, ruka mstari, hoja nyingine. Mwalimu anaweka tiki zake nyekundu, wewe unaenda zako kupiga foleni ya githeri.

Iwe mlisoma Damu Nyeusi, Tumbo Lisiloshiba au Mapambazuko ya Machweo, mchezo ulikuwa ule ule. Mila potovu ni kitu cha watu fulani ndani ya kitabu. Wazee wenye fimbo na kofia, wanakijiji ambao hawakusoma. Wewe uko nje na kalamu yako ya buluu, unawahukumu.

Leo ninataka tubishane kidogo kuhusu hapo. Ukizisoma vizuri zile hadithi fupi bora kuhusu kufuata mila kwa upofu, utagundua kwamba aliyeandika hakuwa anakuonyesha wanakijiji uwacheke. Alikuwa anakuuliza wewe ungesimama wapi kwenye ule umati.

Tuanze na ile maarufu kuliko zote. Mwaka 1948 jarida la The New Yorker huko Marekani lilichapisha hadithi ya Shirley Jackson inayoitwa "The Lottery". Kama hujaisoma nitakuharibia mwisho, lakini imekuwa duniani zaidi ya miaka 75, kwa hivyo usinilaumu mimi.

Ni asubuhi ya tarehe 27 Juni, jua limewaka vizuri. Kijiji kina watu kama 300. Saa nne watu wanakusanyika uwanjani. Wanaume wanaongea kuhusu mvua, matrekta na ushuru. Kina mama wanapiga umbea. Watoto wamefunga shule, wanaokota mawe na kuyarundika pembeni. Kuna boksi jeusi la mbao, kuukuu, rangi imebambuka. Wakuu wa familia wanaitwa mmoja mmoja, kila mtu anachukua karatasi. Shughuli yote haifiki saa mbili, ili watu wawahi chakula cha mchana. Mwisho wake, aliyeangukiwa na karatasi yenye doa jeusi anapigwa mawe na kijiji kizima. Mwaka huo ni mama mmoja, Tessie Hutchinson.

Sasa angalia Jackson alichofanya. Kwenye hiyo hadithi hakuna mtu mbaya. Hakuna polisi anayewasukuma, wala mganga anayepiga kelele. Anayesimamia zoezi, Bwana Summers, ni mtu mchangamfu anayejitolea kwa shughuli za jamii, kama yule jamaa wa mtaa wenu ambaye lazima awe mwenyekiti wa kila kamati. Yule mama aliyekuwa akicheka na Tessie dakika chache kabla ndiye anayeokota jiwe kubwa la kubebwa kwa mikono miwili. Mtoto mdogo wa Tessie mwenyewe anapewa vijiwe vichache mkononi, asiachwe nyuma.

Na hakuna anayejua kwa nini wanafanya hivyo. Zamani kulikuwa na wimbo, umesahaulika. Kulikuwa na namna ya kusalimiana kabla ya kuchukua karatasi, imepotea. Kila mwaka wanaongea kuhusu kutengeneza boksi jipya, na kila mwaka hawatengenezi. Mzee Warner, ambaye amehudhuria mara 77, ana msemo wa zamani unaounganisha zoezi hilo na mavuno ya mahindi, basi. Akiambiwa kwamba vijiji vingine vinafikiria kuacha, anawaita wapumbavu. Sababu yake ni kwamba zoezi limekuwepo siku zote. Hiyo ndiyo hoja nzima, na hakuna anayeuliza ya pili.

Wimbo ulisahaulika. Mawe hayakusahaulika.

Kuna kitu kingine ambacho tukiandika zile insha zetu tunakiruka. Tessie mwenyewe hakuwa mpinzani. Alifika akiwa amechelewa, akatoa mzaha, watu wakacheka. Alianza kusema si haki baada tu ya karatasi kuangukia familia yake. Tena alipoona mambo yamekuwa moto, alitaka binti yake aliyeolewa aingizwe naye kwenye kura, ili hatari igawanywe na wengi. Ebu fikiria hilo polepole. Mtu anayeumizwa na mila, badala ya kuuliza kwa nini tunafanya hivi, anatafuta mwingine wa kuumizwa naye. Kama umewahi kumsikia mtu akisema "hata mimi nilipitia na sikufa", basi Tessie unamjua.

Hadithi ilipotoka, wasomaji walikasirika. Jackson alisimulia baadaye kwamba msimu ule alipata barua zaidi ya 300, na zenye maneno mazuri zilikuwa za kuhesabika. Lakini kuna waliouliza swali la ajabu: haya mambo yanafanyika wapi, na je, mtu anaweza kwenda kutazama? Walikuwa wamesoma hadithi nzima kuhusu umati, na wao wakaomba nafasi ya kusimama kwenye umati.

Sasa usiniambie hiyo ni Marekani ya 1948. Rudi kwenye boksi. Kuna jambo moja dogo ambalo kijiji kile kilibadilisha bila shida. Zamani walitumia vipande vya mbao. Watu walipoongezeka, Bwana Summers akashauri watumie karatasi, maana zinaingia kwenye boksi vizuri. Wote wakakubali. Yaani walifanya mageuzi! Waliboresha kila kitu isipokuwa kile kinachoua.

Hiyo karatasi iko Kenya. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilipitishwa 2011, na inamhusu yeyote anayefanya, awe ngariba au mhudumu wa afya. Hata hivyo kuna familia ambazo ziliona suluhisho ni kuhamisha kisu kutoka kwa ngariba na kukipeleka kwa mtu mwenye glavu na sindano ya ganzi. Sasa ni safi, wanasema. Sasa hakuna damu nyingi. Vipande vya mbao vimekuwa karatasi. Msichana bado ni yule yule, na kinachokatwa ni kile kile. Ukiuliza sababu, utaambiwa ndivyo tunavyofanya, na kwamba asipofanyiwa hataolewa. Nani atakataa kumuoa? Majirani. Majirani nao wanaogopa nani? Majirani.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Grace Ogot. Huyu ni wetu kabisa, mwandishi kutoka Nyanza ambaye baadaye alikuwa mbunge na waziri msaidizi. Katika mkusanyiko wake Land Without Thunder wa 1968 kuna hadithi inayoitwa "The Rain Came". Ukame umekaza, ng'ombe wanakufa. Mganga wa mvua anamwambia chifu Labong'o kwamba lazima Oganda, binti yake wa pekee, atolewe kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Chifu analia, lakini anakubali. Oganda anapowaona watu wazima wakinong'ona kumhusu, anadhani wanampangia ndoa. Wanawake wanakuja kumwimbia na kumpongeza kwa bahati yake. Ndiyo, bahati. Kisha anatembea peke yake kwenda ziwani.

Lakini Oganda hafi. Mpenzi wake, Osinda, amemfuata. Anamshika kabla hajaingia majini, anamfunika kwa majani ili wasionekane, wanakimbia pamoja. Kisha wingu linatanda, radi inapiga, na mvua inamwagika.

Soma tena hapo. Hakuna aliyetolewa kafara, na mvua imenyesha.

Unaweza kubishana kuhusu maana yake, na watu wa fasihi hubishana kweli. Mimi ninaisoma hivi: kila mila inayodai damu ina tishio nyuma yake. Msipofanya, mvua haitanyesha. Msipofanya, binti hataolewa. Na tishio hilo huwa halijaribiwi, kwa sababu hakuna anayethubutu kuacha aone kitakachotokea. Ogot alifanya jaribio hilo ndani ya hadithi.

Kenya nayo imekuwa ikilifanya nje ya hadithi. Mwaka 1998, utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya ulionyesha kwamba wanawake 38 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2014 walikuwa 21. Mwaka 2022 walikuwa 15. Hiyo 15 bado ni mamilioni ya watu, usishangilie sana. Lakini jiulize: kati ya 1998 na sasa, wale wasichana ambao hawakukatwa, mvua ilikataa kunyesha kwao? Wameolewa, wamekuwa walimu, wengine wako kwa mbogi yenu wanakushinda kwa kila kitu. Tishio lilikuwa boksi tupu.

Sasa ninajua kuna msomaji ameshaanza kuandika: "Hawa vijana wa Nairobi, hata lugha ya mama hawajui, wanataka tutupe kila kitu cha mababu." Ngoja basi. Kwa huyo nina hadithi ya tatu, na hii inanigonga mimi pia.

Chinua Achebe wa Nigeria aliandika "Dead Men's Path" mwaka 1953. Mwalimu kijana, Michael Obi, amepewa shule aiongoze. Ana bidii, amesoma, anataka kila kitu kiwe cha kisasa, maua na ua uliokatwa sawasawa. Siku moja anamwona bibi kizee akikatiza kwenye kiwanja cha shule kwa njia ambayo karibu imefutika. Njia hiyo inaunganisha mahali pa ibada pa kijiji na makaburi. Obi anaifunga kwa miti na seng'enge. Kuhani mzee anakuja kwa upole na kumweleza: kupitia njia hii wafu huondoka, mababu hutembelea, na watoto wanaozaliwa huja. Obi anacheka. Anamwambia kazi ya shule ni kufuta mawazo kama hayo.

Siku mbili baadaye mama mmoja anafariki akijifungua. Mpiga ramli anasema mababu wametukanwa na ule ua. Obi anaamka kukuta maua yamekanyagwa na jengo moja la shule limebomolewa. Siku hiyo hiyo mkaguzi mzungu anafika, na ripoti yake inamlaumu Obi.

Nani kipofu hapo? Kijiji, ndiyo, kiliharibu shule kwa sababu ya ramli. Lakini Obi naye alikuwa na imani yake ambayo hakuwahi kuihoji, kwamba kila cha zamani ni uchafu na kila kipya ni nuru. Hakuuliza njia ile inabeba nini. Mzee alimweleza na bado hakusikia. Njia yenyewe haikuwa ikimuumiza mtu yeyote. Alikuwa na seng'enge, akaitumia.

Kwa hivyo msee, uzee wa kitu si kosa. Njia ya Achebe na boksi la Jackson vyote ni vya zamani. Tofauti ni kwamba kimoja kinapitisha watu na kingine kinaua mmoja wao kila mwaka. Kipimo changu ni swali moja tu: nani analipa? Na la pili linafuata lenyewe: huyo anayelipa, anaruhusiwa kuuliza?

Huko Tharaka walijibu maswali hayo vizuri kuliko Obi. Mwaka 1996 ilianzishwa sherehe inayoitwa Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno, kazi ya shirika la Maendeleo ya Wanawake pamoja na familia za huko. Wasichana wanatengwa kwa muda kama zamani. Wanafundishwa na kina mama kuhusu mwili wao na maisha ya utu uzima. Kisha kunakuwa na sherehe, nyimbo na zawadi. Njia imebaki, kisu kimetolewa. Waliulizana kiini cha ile mila kilikuwa nini, wakagundua kwamba kilikuwa ni kumvusha msichana kuwa mtu mzima akiwa amezungukwa na watu wake. Wembe haukuhitajika.

Sasa tuje mjini, maana wewe unayesoma hii kwa simu ndani ya matatu umeshajiambia hayo ni ya ushago, hayakuhusu.

Babu yangu alifariki nikiwa mwaka wa pili chuoni. Nilikuwa na deni la karo la Sh38,000, na bila kulimaliza sikuwa ninakalia mtihani. Familia ikafungua grupu la WhatsApp. Ndani ya siku tisa tulichanga zaidi ya laki tatu: mahema, viti, vipaza sauti, mpiga video, basi la kutoka Nairobi, na ng'ombe wawili. Kwenye kikao nilimuuliza shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, kama ng'ombe mmoja hangetosha, kisha watu wanisaidie kidogo na karo.

Aliniangalia kwa huruma kabisa. "Mwanangu, unataka watu waseme tulimzika baba kama mbwa?"

"Watu gani, shangazi?"

"Watu."

Kikao kikasonga mbele kwenye bei ya mahema. Chuo sikurudi.

Tafadhali nielewe vizuri. Simlinganishi mtu aliyekosa karo na mtu aliyepigwa mawe. Wala sisemi ng'ombe ndiye aliyenitoa chuoni, labda hizo pesa zingekosekana hata kusingekuwa na matanga. Na shangazi huyo si mtu mbaya hata kidogo. Nilipojiunga na chuo aliuza mbuzi wake wawili ili nipate nauli na godoro. Mchango wake wa mazishi alikopa kwenye chama, na mwaka uliofuata bado alikuwa akilipa. Yaani hata yeye alilipa. Kila mtu kwenye kile kikao alilipa, na kila mtu alikuwa akimwogopa mtu anayeitwa "watu", ambaye hakuwepo.

Matanga yenyewe ni njia nzuri, na huniambii kitu. Kukesha na mfiwa, kumpikia, kumbebea mizigo, hiyo ni moja ya akili kubwa zaidi ambazo mababu walituachia. Kiini ni kwamba mfiwa asibaki peke yake. Lakini ng'ombe wa pili, mpiga video na mashati ya rangi moja yenye picha ya marehemu hayatoki kwa mababu. Mengine hata hayafiki umri wangu. Ndiyo maana ninacheka mtu akiniambia ndivyo tumekuwa tukifanya siku zote. Siku zote za lini? Hata boksi la Jackson lilijengwa juu ya boksi lingine.

Na hii ndiyo sababu ninazipenda hizi hadithi fupi. Riwaya inakupa muda wa kuzoea watu na kuwasamehe. Hadithi fupi inakuleta uwanjani asubuhi, inakupa jiwe, na inaisha kabla hujajua uliweke wapi. Unabaki nalo mkononi ukifunga kitabu.

Kwa hivyo nina ombi kwa walimu wa Kiswahili wanaosoma hapa. Lile swali la alama 20 liacheni, lakini ongezeni kipande cha pili: taja jambo moja ambalo familia yenu hufanya bila kujua sababu, na useme nani hulipia. Hakuna mwongozo wa majibu utakaosaidia hapo. Mwanafunzi atalazimika kumuuliza nyanya yake, na huenda nyanya akawa na jibu zuri sana. Huenda pia akanyamaza kidogo kisha aseme, hata mimi nimekuwa nikijiuliza.

Na wewe ambaye shule ulimaliza, au kama mimi iliishia njiani, wiki hii utaongezwa kwenye grupu moja la kuchanga. Ni lazima, si unajua Kenya. Itakuwa ni harusi, ruracio, mazishi au sherehe ya mtu kufuzu. Changa kama unaweza. Lakini kabla hesabu ya ng'ombe haijafika kwa wa pili, andika pale swali moja fupi kwa heshima: huyu wa pili ni wa nini, na nani atamlipa? Watanyamaza kidogo. Mtu mmoja atakutumia ujumbe pembeni kukuambia asante. Huyo ndiye aliyekuwa akikopa.